UZI: Sifa tupu zinawamaliza vijana wetu wanaotengeneza gemu

Mwanzisha uzi (Ng'ambo, Unguja)

Asalaam alaykum wana gemu wa visiwani. Uzi huu mrefu kidogo, mnistahamilie.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu kijana mmoja wa huku kwetu alipotoa gemu ya bao ya kwenye simu. Jina lake silitaji, maana sikumuomba ruhusa. Kaitengeneza peke yake usiku usiku, mchana yuko dukani anauza vocha na kubadilisha vioo vya simu. Na ni bao la Kiswahili lenyewe: mashimo 32, kete 64, namua (awamu ya kwanza, ya kuingiza kete) kisha mtaji (awamu ya pili, kete zikishaingia zote), na nyumba, yaani lile shimo la mraba, kila upande. Kairusha kwenye grupu letu. Haukupita muda grupu limejaa: "mashallah", "hongera sana", "Zanzibar tunaweza", "gemu kali kuliko zote". Mioyo na makofi mpaka kidole kikachoka kushusha skrini. Kijana kafurahi, na mimi nilifurahi kwa ajili yake, kwani si jambo dogo.

Kisha nikaanza kuwauliza watu mmoja mmoja. Umecheza mpaka mwisho? Umefika mtaji? Wengi hawakufika. Wengine hawakuishusha kabisa, waliona picha tu wakaandika hongera. Yule alieandika "kali kuliko zote" alikuwa keshaifuta, kwa sababu ilikuwa inajitoa kila akipigiwa simu. Namuuliza, sasa mbona hukumwambia mwenyewe? Ananijibu, "Sikutaka kumvunja moyo."

Hapo ndipo linaponiuma. Kijana yule alilala usiku ule akiamini gemu yake haina kasoro, na kumbe watu wanaifuta kimya kimya.

Siku nyengine simu ile ilipita barazani. Pana mzee pale anacheza bao tangu ujana wake, na simu yake mwenyewe ni ya kubonyeza. Akapewa ajaribu. Kacheza kimya, kala, kala tena, kete yake ya mwisho ikaangukia nyumbani kwake. Gemu ikaizoa nyumba yote ikaendelea kuitawanya. Mzee kainua kidole juu ya skrini: "Nani kakwambia nasafiri? Mimi nilitaka kulala."

Wasiocheza bao niwaeleze. Katika namua, ukila na kete ya mwisho ikaingia nyumbani kwako, na nyumba bado ni nzima, hiari ni yako: ulale hapo zamu iishe, au uisafirishe nyumba. Gemu ilikuwa haitoi hiari hiyo. Inasafiri yenyewe kila mara. Asiejua anaona pambo tu, kete nyingi zinatembea na mlio wake mzuri. Anaejua anaona bao limekufa, maana uamuzi ule ndio akili yenyewe ya namua. Nyumba ukiilaza inanona, lakini unahatarisha mwenzio aje kuila yote. Ukiisafirisha mapema, umetoa akiba yako na mbele bado kuna safari ndefu. Ondoa hiari hiyo na mchezaji hana tena cha kufikiri.

Mzee hakumsifu na wala hakumtukana. Kaonesha palipoharibika, kaeleza inavyotakiwa, kisha kairudia simu acheze tena. Apdeti iliyofuata ikaja na vitufe viwili: LALA na SAFIRI. Grupu zima la mioyo na makofi halikumpa kijana yule kitu hata kimoja cha kufanyia kazi. Mzee asiejua apdeti ni nini ndie aliempa gemu yake.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: shabiki anaesifu tu bila ya kucheza, au anaecheza akaficha alichokiona, hamsaidii mtengenezaji. Anajisaidia yeye aonekane mtu mwema. Karibuni tujadili.

Mwanzisha uzi

Naongezea kabla hamjaanza, maana kuna watakaosema haya ni ya kwetu sisi wadogo. Siyo.

Wengi humu tumekulia kwenye PES, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami. Konami walipoliacha jina lile wakaleta eFootball 2022, tarehe 30 Septemba 2021, mnakumbuka hali ilivyokuwa. Nyuso za wachezaji zimepinda, macho yamewatoka, picha za Messi na Ronaldo zikazunguka dunia nzima watu wakicheka. Kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, kwa muda ikawa ndiyo gemu yenye alama mbaya kuliko zote. Hata hapo walikuwepo mashabiki wa kufa na kuzikana wakisema, ni bure, hamkulipa, mnalalamika nini?

Picha za kuchekesha zilisambaa zaidi, lakini waliosaidia ni wale waliokaa wakacheza mechi baada ya mechi wakaandika: pasi nzito, zinachelewa kutoka mguuni, ile amri ya kumwita mwenzako aje akusaidie kukaba haipo, kwa hiyo unamfukuza mshambuliaji peke yako uwanja mzima. Konami wakaomba radhi hadharani, na toleo la 1.0.0 likaja Aprili 2022, amri ya kuita msaada wa kukaba ikiwemo. Anaeicheza leo anakula matunda ya watu walioitwa wanoko.

Mtu wa Kikwajuni

Wa alaykum salaam. Kaka mimi nakupinga. Huku kwetu tatizo si sifa, tatizo ni kuponda. Mtu hajamaliza kutoa kitu chake, watu washamvamia: "takataka hiyo", "umeiba kwa Wazungu", "rudi skuli". Husda tupu. Nimemuona rafiki yangu kaacha kabisa kazi ya kutengeneza gemu kwa maneno ya siku moja. Wewe ukiwafungulia watu mlango wa kukosoa, wenye vijicho ndio watakaokuwa wa kwanza kuingia. Bora sifa za uongo.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, ulilosema ni kweli na sitaki kulipunguza hata chembe. Na halipo kwetu tu. Oktoba 2020 kampuni ya CD Projekt Red ya Poland iliahirisha Cyberpunk 2077, na watengenezaji wakatumiwa vitisho vya kuuawa. Kisa, gemu imesogezwa mbele wiki tatu! Mtu anaefanya hivyo simhesabu kuwa ni mkosoaji. Hana alilosema juu ya gemu hata neno moja.

Lakini hebu watazame hawa wawili, anaesema "takataka" na anaesema "kali kuliko zote". Waulize wote wawili swali moja, gemu ilikukwamia wapi? Hawajui. Rafiki yako aliachwa peke yake mikononi mwa waponda kwa sababu waliompenda walikuwa hawana la kumwambia zaidi ya "kaza buti". Laiti angekuwepo mmoja tu wa kumwambia, "hatua ya kwanza nzuri, ya pili nimekwama mlangoni, ufunguo hauonekani", angekuwa na jambo la kushika siku ile. Mtu mwenye kazi ya kufanya asubuhi hamalizwi kirahisi na maneno ya wenye husda.

Mpemba wa Wete

Yakhe na mimi nina la kwangu. Mimi ni mtu wa mpira wa kwenye skrini tangu enzi za FIFA, na ilipobadilika jina ikawa EA Sports FC 24 mwaka 2023 nikahama nayo. Naipenda, sifichi. Lakini nikigusa zile pakiti za wachezaji naambiwa "wewe huna hela tu" au "hupendi, usicheze".

Suali langu dogo: unatoa pesa, hujui ndani kuna nini, unaweza kumpata Mbappé, unaweza kupata beki wa akiba usiemjua. Hilo kwetu sisi lina jina na hukumu yake, na kila aliepita madrasa analijua. Nikiuliza, ndugu zangu Waislamu wenzangu wanaitetea kampuni ya Marekani kama wana hisa ndani yake. Hili ndilo linalonishangaza. Wallahi mtu anaipigania gemu kuliko anavyoipigania haki yake.

Mwanzisha uzi

Shekhe wangu wa Wete, hapo umegusa penyewe, na suali lako wameshaliuliza watu wengi kabla yetu.

Novemba 2017 EA, hao hao wenye gemu yako ya mpira, walikuwa karibu kutoa gemu ya Star Wars Battlefront II. Mashujaa wakubwa wamefungwa, unawafungua kwa kucheza au unafupisha njia kwa kununua visanduku vya bahati, hujui ndani mna nini. Sasa, wako waliotukana, na hao wamesahauliwa. Aliebaki ni mchezaji aliekaa na kalamu akapiga hesabu: Darth Vader, mmoja wa mashujaa hao, bei yake ni pointi 60,000, mechi moja inakupa kiasi fulani, kwa hiyo kumfungua mtu mmoja ni kama saa 40 za kucheza. Hesabu ile haikuwa na tusi hata moja ndani yake. EA wakajibu malalamiko ya wachezaji kwamba nia yao ni kumpa mchezaji fahari ya kufanikiwa, na jibu lile likapigiwa kura za kukataliwa zaidi ya laki sita kwenye Reddit, mtandao wa mijadala. Wakapunguza bei za mashujaa kwa asilimia 75. Kisha, gemu ikiwa inakaribia kabisa kutoka, wakasimamisha ununuzi wote wa ndani kwa muda.

Halikuishia hapo. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ikasema visanduku vya aina hiyo vinavunja sheria ya kamari, na FIFA 18 ilikuwa miongoni mwa gemu zilizotajwa. Mwisho wa Januari 2019 EA wakaacha kuuza FIFA Points, yaani pointi za kununulia pakiti, nchini humo. Anaekwambia "hupendi, usicheze" mwambie Ubelgiji walipenda mpira na walikataa pakiti, na mpira bado wanacheza.

Mwenye kibanda, Mwanakwerekwe

Nasoma tu lakini naona nichangie. Nina kibanda cha gemu, vijana wananijia baada ya skuli na chuoni. Nilichojifunza: mteja hasemi. Pedi ikiwa na kitufe kimelegea hakwambii, anakubali kufungwa, analipa, anasema "poa kaka", kesho yuko kibanda cha jirani. Ni sawa na muuza urojo ambae kila mteja anamwambia mtamu huku bakuli limeachwa nusu, na yeye kasimama na sufuria lake hajui kilichozidi ni chumvi au ni ndimu.

Mimi nilifunga daftari ukutani kwa kamba, na kalamu yake. Nikawaambia andikeni kilichoharibika, msiweke jina. Siku za mwanzo walichora tu na kuandikana Simba na Yanga. Baadae ikaanza kuja: "TV ya pili, pedi nyeusi, R1 hairudi ukiibonyeza." Hiyo ndiyo ninayoitaka mimi. Najua TV gani, pedi gani, kitufe gani. Nachukua bisibisi namaliza. Aliekuwa akiandika "huduma mbovu" sikuweza kumfanyia lolote, na wa "kibanda bora Unguja nzima" vilevile.

Mtu wa Kikwajuni

Daftari nalikubali, tena nimelipenda kwa sababu halina jina na halisomwi na mji mzima. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo kaka. Mkosoe mtu faraghani. Hadharani msifu. Ndivyo tulivyolelewa, aibu ya mtu haitandazwi barazani.

Mwanzisha uzi

Kwa kijana anaeanza, na gemu yake ya bure, nakubaliana na wewe kabisa. Mfuate inboksi kwanza, mpe muda. Mzee wa bao angeweza hata kumwita pembeni na isingepungua kitu.

Lakini hukumu hiyo usiipeleke kwa kampuni iliyochukua pesa za watu. Turudi kwenye Cyberpunk, maana pale sifa zilifanya madhara makubwa. Kabla haijatoka tarehe 10 Disemba 2020, watu milioni 8 walikuwa washainunua. Wakaguzi walipewa toleo la kompyuta tu, na hawakuruhusiwa kuonesha video walizorekodi wenyewe. Toleo la PS4 (PlayStation 4), mashine waliyokuwa nayo watu wengi wa kawaida, wakaguzi hawakupewa kabla. Alama za juu zikamwagika, mashabiki wakamshambulia kila aliethubutu kutia shaka. Gemu kutoka, mwenye PS4 anaona sura hazijamaliza kujichora, gari zinapotea njiani, gemu inajitoa. Baada ya wiki moja Sony wakaiondoa kwenye duka lao na kuwarejeshea watu pesa, na haikurudi mpaka Juni 2021.

Fikiria kijana wa Kikwajuni ama wa Konde aliekusanya pesa zake mwaka mzima anunue gemu moja. Wewe umeficha kasoro kwa kulinda heshima ya kampuni ya Warsaw, na yeye ndie aliepoteza. Heshima ya nani hasa tumeilinda hapo? Hadharani ni haki yake yule mnunuzi.

Na mwisho wa hadithi ile unanipa moyo. Waliokaa na gemu wakasema kwa utulivu "polisi wanazuka mgongoni mwangu kutoka hewani, hawana gari, hawanifukuzi" walisikilizwa. Apdeti ya 2.0 ya Septemba 2023 ikaja na polisi wapya wanaokufukuza kwa gari barabarani, na mfumo wa kukuza uwezo wa mchezaji ukaandikwa upya. Leo watu wanaisifu, na sifa hizo zina uzito kwa sababu zimetoka kwa watu walewale waliokuwa wakali.

Mtu wa Kikwajuni

Kwenye kampuni kubwa nimekuelewa. Kwa wa kwetu bado nabaki na faragha kwanza.

Dada wa Chake Chake

Asalaam alaykum kaka zangu. Nimesita sana kuandika. Mimi ndie mtengenezaji mnaemzungumza, si yule wa bao, mwengine. Nipo Pemba, natengeneza gemu ndogo ya resi za ngalawa. Niliwahi kuwaonesha watu mara moja. Nilipata sifa nyingi na maneno machache ya "futa hii". Yote mawili yalinipita.

Nataka niseme kitu ambacho hamjakigusa. Kuna kijana alieniandikia: "Sauti ya tanga linapopigwa na upepo ukigeuza ngalawa imenifanya nigeuze bure tu niisikie tena." Hiyo ni sifa, lakini nilifanyia kazi. Nilikuwa niiondoe sauti ile kwa sababu inakula nafasi ya faili. Nikaibakisha, na nikapunguza picha za minazi badala yake. Kwa hiyo msiwaambie watu waache kusifu. Waambieni waseme wanachokisifu.

Na jengine, mimi ni mwanamke. Kwangu mimi maneno ya kuponda huwa hayaishii kwenye gemu. Yanakwenda kwenye nguo yangu, kwenye nani ataniowa, na kwa nini niko macho usiku na kompyuta. Hilo mkikaa kimya nalo mnakuwa mmelipitisha.

Toleo jipya liko tayari. Naogopa kulirusha. Ninyi mngelijaribu vipi?

Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam dada. Umeufanya uzi huu uwe bora kuliko nilivyouanzisha. La sifa yenye maelezo naliunga mkono neno kwa neno. Na hayo mengine, humu ndani mtu akiugusa mwili wako au nyumba yenu badala ya gemu, mimi nitakuwa wa kwanza kumjibu, na naomba wenzangu wasiniache peke yangu.

Nikijibu suali lako: usilirushe kwenye grupu kubwa. Chagua watu wachache wenye simu tofauti, hasa simu za bei ndogo, maana ndizo zilizojaa mitaani kwetu. Usiwaulize "mmeipenda?", kwani watakwambia ndio. Waulize waliachia wapi na walikuwa wanafanya nini dakika hiyo. Ukiweza kaa nyuma ya mtu anacheza, na usimsaidie hata akikosea kitufe, ijapokuwa ni vigumu mno kunyamaza. Tafuta na mtu mmoja wa bahari, anaejua kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, na kwenda na upepo, akwambie kama ngalawa yako inatembea kama ngalawa.

Na sisi tutakaojaribu tuna wajibu wetu. Tuseme simu gani, Android ya ngapi, tulibonyeza nini kabla haijaganda, na tuweke video fupi ikiwezekana. Akirekebisha turudi tucheze tena, na kama tulishampa nyota mbili kwenye Play Store tukazibadilishe. Nimeona gemu za vijana zimetengenezwa zikawa nzuri, na chini yake bado zinaning'inia nyota mbili za toleo la zamani, mwenyewe aliezitoa keshasahau.

Mwenye kibanda, Mwanakwerekwe

Dada nitumie. Nitaiweka kwenye tableti ya kibandani na daftari lake pembeni. Vijana wangu wakali lakini matusi hawathubutu, wananijua.

Mpemba wa Wete

Mjomba wangu ni mvuvi wa Kojani, ngalawa anaijua tangu mdogo. Niko Chake Jumamosi kwa shughuli zangu, nikikukosa niachie kiungo kwa njia yoyote nimfikishie. Ila nakwambia mapema, mzee yule hana sifa za bure.

Dada wa Chake Chake

Mzee huyo ndie ninaemtaka. Kiungo nakituma leo baada ya Isha, inshallah, kwenu wawili na kwa mwanzisha uzi. Toleo hili upepo ni wa kusi peke yake, kaskazi bado sijaimaliza, kwa hiyo hilo msinilaumu. Mengine yote semeni.